Ukienda Dubai, utashukia wapi?

Siku mpwa wangu alipopata kazi Dubai, Januari 2024, nyumba ya kaka yangu mtaani Buruburu ilifurika watu. Akina mama wa chama walikuwepo, wazee wa kanisa walikuwepo, hata yule jirani ambaye hatusalimiani naye sana alifika na kreti ya soda. Maombi yakafanywa, nasaha zikatolewa. Binti akaambiwa asimsahau mama yake, achunge pasipoti kama mboni ya jicho lake, na asije akaolewa huko bila kumleta mtu nyumbani kwanza. Sote tulisema, nami nikiwemo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza swali ambalo makanga yeyote wa matatu angemwuliza kabla gari halijang'oa nanga: utashukia wapi?

Yaani, utaishi mtaa gani?

Hapa Nairobi hatufanyi mchezo na jambo hilo. Mtu akipata kazi Industrial Area na mwenzake akamwambia kuna nyumba nzuri ya bei nafuu Rongai, kwanza atakaa chini apige hesabu ya nauli, ya msongamano wa magari na ya saa atakayowaona watoto wake. Atauliza maji huja siku gani. Atauliza kama ukirudi saa nne za usiku unafika mlangoni ukiwa na mkoba wako. Lakini likitajwa jina Dubai, mpenzi msomaji, akili hizo zote hutuhama. Twaona ghorofa ndefu ya Burj Khalifa na taa zake, nasi twazungumza kana kwamba mji wote ni ploti moja.

Sharti niseme mapema kwamba wengi waendao huko hawana la kuchagua. Msichana wa kazi za nyumbani hulala kwa mwajiri wake. Kibarua wa ujenzi hupelekwa kwenye mabweni ya wafanyakazi kama yale ya Al Quoz au Muhaisnah ya Pili, ambako Wahindi walikupa jina la Sonapur, maana yake mji wa dhahabu. Sijui aliyelibuni jina hilo alikuwa akicheka au akilia. Mwishoni mwa 2016 ilianza kanuni iliyoilazimu kampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kuwapa makao ya bure wale waliokuwa wakipata chini ya dirham 2,000 kwa mwezi. Ninaowazungumzia hapa ni wale wengine: makarani, wauguzi, walimu, wauzaji wa maduka, ambao mwajiri huwapa marupurupu ya nyumba na kuwaambia wajitafutie.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Alikwenda kuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya meno huko Al Barsha, upande wa kusini mwa mji. Akafanya kama ambavyo ningefanya mimi. Alitafuta chumba cha bei ya chini kuliko vyote, akakipata Sharjah.

Sharjah si mtaa wa Dubai. Ni milki nyingine, yenye mtawala wake na kanuni zake, ingawa nyumba zimeshikana hivi kwamba mgeni hawezi kujua amevuka mpaka. Kuna hata mtaa uitwao Al Nahda ambao umekatwa na barabara, upande mmoja ukiwa Dubai na wa pili Sharjah. Kodi za Sharjah ni nafuu, na kwa sababu hiyo maelfu ya watu hulala huko na kufanya kazi Dubai. Kila alfajiri maelfu hao hujimwaga barabarani kwa pamoja. Treni ya Metro ya Dubai, iliyozinduliwa tarehe 9 Septemba 2009, haifiki Sharjah.

Basi binti akawa anaamka saa kumi na nusu za alfajiri ili awe kazini saa tatu. Basi la kwanza, kisha treni, kisha miguu. Jioni alitoka saa kumi na mbili, akafika kitandani saa tatu za usiku. Alipopiga hesabu ya nauli, akaongeza chakula alichonunua njiani kwa kukosa wakati wa kupika, ile nafuu ya kodi ikayeyuka kama barafu. "Shangazi," aliniambia kwa simu, "mimi nimetoka Nairobi nikaja kuishi Rongai."

Kisha ikaja mvua. Tarehe 16 Aprili 2024 nchi hiyo ya jangwa ilipata mvua kubwa kuliko zote zilizorekodiwa huko kwa miaka 75. Katika sehemu moja ya Al Ain ilipimwa zaidi ya milimita 250 kwa muda usiofika siku moja. Huko Sharjah kuna mitaa iliyokaa katika maji siku kadhaa, umeme ukiwa umekatika na lifti zimesimama. Mpwa wangu alikuwa orofa ya saba. Alikosa kazi siku nne. Wenzake waliokuwa wakiishi karibu na zahanati walirudi kazini siku ya pili.

Mkataba ulipokwisha, akaapa kwamba safari hii angeishi Dubai penyewe. Akahamia Deira.

Mfanyabiashara yeyote wa Eastleigh anaijua Deira kuliko anavyoijua Karen. Ndiko wanakonunua nguo, simu na vipuri vinavyopakiwa kuja kwetu. Ni Dubai ya zamani, iliyo kando ya hori ambako majahazi yangali yanapakia shehena. Nilipomtembelea Novemba 2025 tulivuka hori hilo kwa mashua ya abra, nauli ni dirham moja tu, nami nikadhani nimo kivukoni Likoni pasipo kusukumana. Naif na Frij Murar utapata mikahawa ya Kihabeshi na maduka ya vyakula vya Kiafrika. Kituo cha Union, ambako reli Nyekundu na reli ya Kijani hukutana, kiko papo hapo. Kwa mgeni wa kwanza, mwenye hamu ya kusikia lugha aijuayo, Deira inavutia mno.

Tatizo ni namna watu wanavyolala. Fleti ya vyumba viwili huchukuliwa na mtu mmoja kwa jina lake, kisha akaikatakata kwa mbao nyembamba ikawa vijumba sita au saba. Asiyemudu kijumba hupangishwa kitanda, cha juu au cha chini, kwa pazia. Nafasi hizo hutangazwa kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye nguzo za taa na kwa picha za simu zilizopigwa kutoka pembeni ili chumba kionekane kipana. Mpwa wangu alikaa Al Rigga katika kijumba kisicho na dirisha. Watu kumi na mmoja, choo kimoja, jiko moja. Alilipa kila mwezi kwa fedha taslimu wala hakupewa risiti. Alipouliza, mwenye kupangisha alicheka.

Ubao wa namna hiyo ukishika moto, hakuna pa kukimbilia. Aprili 2023, wakati wa Ramadhani, watu 16 waliangamia katika moto uliozuka kwenye jengo moja huko Al Ras, Deira. Sisemi kila jengo la Deira ni hatari. Nasema kabla ya kutazama kitanda, tazama mlango wa dharura uko wapi na kama umefungwa kwa kufuli.

Juni 2025, Manispaa ya Dubai ikafanya msako wa vijumba hivyo visivyo na kibali katika Al Rigga, Al Muraqqabat, Satwa, Al Barsha na Al Raffa. Mpwa wangu alirudi jioni akakuta mbao zimeng'olewa na masanduku yamepangwa koridoni. Amana aliyoweka haikuonekana, wala aliyeipokea. Angemshtaki nani? Hakuwa na karatasi yoyote yenye jina lake. Kwa mujibu wa sheria alikuwa hajapata kuishi pale.

Hapo ndipo mkasa wake unapoingia katika jambo ambalo nataka wazazi walisome mara mbili. Dubai ina sheria za wapangaji ambazo wengi wetu hapa Nairobi tungezitamani. Mkataba husajiliwa serikalini katika mfumo uitwao Ejari. Chini ya sheria ya mwaka 2007, mpangaji hawezi kumpangishia mtu wa tatu bila mwenye nyumba kukubali kwa maandishi. Chini ya ile ya 2008, mwenye nyumba akitaka kuuza au kuishi mwenyewe, lazima ampe mpangaji notisi ya miezi kumi na miwili kupitia kwa mthibitishaji wa hati au kwa barua iliyosajiliwa. Kubadilisha kodi kunahitaji notisi ya siku 90. Na tangu Septemba 2022, kila anayelala katika nyumba anatakiwa kusajiliwa pamoja na mpangaji mkuu. Ngao hizo zote humkinga yule aliye na jina kwenye karatasi. Mwenye kitanda cha pazia hazimjui.

Kwa nini basi kila mtu asiandikishe? Ni pesa. Kodi hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele, moja, mbili au nne kwa mwaka, na kadiri hundi zinavyokuwa chache ndivyo bei inavyopungua. Tuseme fleti ndogo ni dirham 60,000 kwa mwaka kwa hundi nne. Siku ya kwanza utatoa hundi ya 15,000. Amana, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5, ni 3,000. Dalali naye huchukua asilimia 5, hiyo ni 3,000 nyingine. Shirika la umeme na maji, DEWA, linataka amana ya 2,000 kabla ya kuwasha taa. Jumla ni dirham 23,000. Kwa kuwa dirham moja ilikuwa karibu shilingi 35 mwaka 2025, hizo ni zaidi ya shilingi 800,000, na bado hujanunua sufuria. Fauka ya hayo, bili ya DEWA huja kila mwezi na ada ya nyumba iliyo asilimia 5 ya kodi ya mwaka, ambayo kwa mfano wetu ni dirham 250.

Mtu mmoja hawezi. Lakini watatu waaminifu wanaweza, na ndivyo mpwa wangu alivyofanya baada ya masanduku yale ya koridoni. Alitafuta wenzake wawili, Mganda na Mfilipino, wakakopa, wakaandikisha majina yao yote.

Walibishana kuhusu mtaa kwa muda wa mwezi mzima. Karama ilipendeza, kwa kuwa ni mtaa wa zamani wenye maduka na mikahawa ya Kihindi chini ya kila jengo, na kituo cha BurJuman kiko karibu. Bei ikawashinda. International City ilikuwa na bei waliyoitaka, ila treni haijafika huko. Reli mpya ya Buluu, itakayopita huko, inatazamiwa kumalizika mwaka 2029. Wakaishia Al Qusais, mwisho mwa reli ya Kijani, mtaa usio na sifa yoyote ya kupigiwa picha. Mpwa wangu hupanda treni, akabadilisha mara moja Union, akashuka Mall of the Emirates. Jumapili hupanda reli hiyo hiyo ya Kijani hadi Oud Metha, liliko Kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria.

Kabla ya kutia sahihi walifanya jambo ambalo mimi nimelisifu sana. Walikwenda kwa miguu kutoka kituoni hadi jengoni, mchana wa Agosti, joto likipita digrii 40. Dakika kumi za Nairobi si dakika kumi za Dubai. Jengo la kwanza walilolipenda lilikuwa mwendo wa dakika kumi na nane, na Mganda akakataa katakata, akiwa amekaa kwenye kivuli cha kituo cha basi. Walikwenda tena usiku, wakazungumza na mlinzi wa jengo, ambaye huko huitwa natur. Huyo ndiye aliyewaambia lifti ipi hukwama.

Mwenye familia ana hesabu nyingine. Kwanza anahitaji mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba, ndipo aruhusiwe kuwaleta mke na watoto. Pili, karo. Wageni huwapeleka watoto shule za kibinafsi, na zile za mtaala wa Kihindi aghalabu huwa nafuu kuliko za Kiingereza, kwa hivyo wazazi huchagua shule kwanza, mtaa baadaye. Tena kuna jambo ambalo nusura linichekeshe. Tangu Januari 2022, shule za Sharjah hufunga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, ilhali Dubai Ijumaa ni nusu siku ya kazi. Mama anayefanya kazi Dubai na kuishi Sharjah ana watoto nyumbani kila Ijumaa asubuhi naye yuko ofisini. Nani atawatazama?

Sasa ndugu yake mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na mitatu, naye ameahidiwa kazi ya ghala huko Jebel Ali, upande ule mwingine kabisa wa mji. Wiki iliyopita alimtumia dada yake picha tatu za vyumba, vyote Sharjah, vyote vya bei ya kutupa. Dada yake hakuzitazama. Alimjibu kwa maswali matatu: kutoka mlangoni hadi ghalani ni mabasi mangapi, jina la nani litaandikwa kwenye Ejari, na mlango wa dharura uko upande gani. Hadi tulipokuwa tukienda mitamboni, kijana alikuwa amejibu moja tu.