Kutoboa kifuniko cha chujio si dawa ya chensoo iliyoishiwa nguvu

Kwa mpasuaji mbao, msumeno wa mnyororo, au chensoo kama wengi wanavyouita, ndiyo jembe lake. Siku ukigoma, vibarua hukaa kitako, lori husubiri na mteja hutafuta mtu mwingine. Ndiyo maana ushauri wa kuuongezea nguvu bila gharama hupokewa haraka.

Ushauri mmojawapo ni kutoboa kifuniko cha chujio la hewa "ili mashine ipumue". Kazi yenyewe ni ya dakika chache kwa drili. Msumeno hutoa mlio mkali zaidi na mwenyewe huamini amepata faida. Wengine huenda mbali zaidi, wakatoboa chujio lenyewe au kulitoa kabisa.

Mlio mkali, hata hivyo, si nguvu. Mara nyingi ni dalili kwamba injini inaanza kuungua.

Injini hii haina bakuli la oili kama ya gari. Oili iliyochanganywa kwenye petroli ndiyo inayolainisha pistoni na beringi. Hewa huvutwa kupitia chujio, ikafika kwenye kabureta na kuchukua petroli pamoja na oili yake. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, mchanganyiko unakuwa mkavu. Moto unazidi ndani ya silinda wakati ulainishaji unapungua. Mwisho wake pistoni hukwaruzika, kisha injini hunoki.

Chujio likitobolewa, hasara ni mbili. Vumbi la mbao na mchanga huingia moja kwa moja na kusaga pistoni, ringi na ukuta wa silinda. Injini hupoteza mgandamizo na huwa ngumu kuwaka. Bei ya chujio jipya ni ndogo sana ukilinganisha na ya pistoni na silinda.

Mwinuko una sehemu yake

Kwa wapasuaji wa Nyanda za Juu Kusini kuna sababu nyingine ya msumeno kuonekana mzito. Mji wa Mafinga, jirani na shamba la miti la Serikali la Sao Hill, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 15 hadi 20.

Msumeno uliorekebishwa pwani ukipandishwa huko hupata hewa kidogo kwa mafuta yaleyale. Hutoa moshi, plagi huwa nyeusi yenye unyevu na nguvu hupungua. Mwenye msumeno hudhani umezibwa, akachukua drili. Lakini tundu kwenye kifuniko haliwezi kuifanya hewa ya mlimani iwe nzito. Dawa yake ni kupunguza mafuta kwenye kabureta, ingawa hata hapo nguvu yote ya pwani haitarudi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye safari ya kurudi. Msumeno uliopunguziwa mafuta Mafinga ukiteremshwa kukata mitiki katika bonde la Kilombero, penye mwinuko wa takribani mita 300, hukutana na hewa nzito. Mafuta yaliyotosha mlimani sasa ni machache. Kama kifuniko nacho kimetobolewa, mashine inaweza kuharibika katika siku za mwanzo za kazi.

Kurekebisha kabureta

Misumeno mingi ina skrubu mbili za mafuta: L ya mwendo mdogo na H ya mwendo mkubwa. Ya tatu ni ya sailensa. Kabla ya kuzigusa, chujio liwe safi, mafuta yawe mapya na injini iwe imepata joto. Kuzungusha H kuelekea mshale wa saa hupunguza mafuta. Kinyume chake huongeza. Izungushwe kidogo kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko kila mara.

Msumeno uliokaa sawa, ukivutwa mafuta yote nje ya gogo, huwa na kigugumizi kidogo, na kigugumizi hicho hutoweka ukiingia kwenye mti. Ukilia kwa sauti kali isiyo na kigugumizi chochote, ongeza mafuta mara moja. Jaribio hilo liwe la sekunde chache tu. Plagi yenye rangi ya kahawia ni dalili njema. Nyeupe ni onyo la mchanganyiko mkavu.

Baadhi ya misumeno mipya, kama yenye mfumo wa M-Tronic wa Stihl au AutoTune wa Husqvarna, hujirekebisha yenyewe na haihitaji bisibisi.

Nguvu iliko

Kabla ya kufikiria drili, mpasuaji anashauriwa kukagua mambo manne.

Kwanza, chujio. Anayepasua mbao kwa urefu hutoa vumbi jingi, hivyo alitazame kila anapojaza mafuta. La nailoni huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likakauka kabisa kabla ya kurudishwa. Lisisuguliwe kwa brashi ya waya. Likipitisha mwanga kwenye mpasuko, libadilishwe.

Pili, oili. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili ya injini za mipigo miwili. Kwa 1 kwa 25 ni mililita 200. Kitabu cha mashine ndicho kinachosema kipimo kipi kitumike.

Tatu, mnyororo. Uliochongoka hutoa vipande. Butu hutoa unga. Wa kupasulia hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hivi, wakati wa kukatia magogo huwa nyuzi 25 hadi 35.

Nne, kizuizi cha baridi. Baadhi ya misumeno ina kipande kinachogeuzwa ili injini ivute hewa yenye joto wakati wa barafu. Kikiachwa kwenye alama ya theluji siku za jua, injini hupata joto kupita kiasi.

Kwa anayesisitiza kupanua njia ya hewa, matundu yawe kwenye kifuniko cha nje tu, chujio libaki zima, na kabureta irekebishwe upya na fundi mwenye kipima mizunguko. Hata hivyo, faida huwa ndogo. Kwa wengi, tupa ya kunolea na chujio safi vitaleta mbao nyingi zaidi kwa siku kuliko drili.