Uundaji wa mitumbwi: faida ya mwenye chombo huanzia kwa fundi

Mfanyabiashara wa Kamachumu anayeuza mbao, kahawa au ndizi huenda asijihesabu kuwa yumo katika biashara ya samaki. Hata hivyo, sehemu ya mbao zinazopasuliwa huku juu huteremshwa hadi kando ya Ziwa Victoria na kugeuzwa mitumbwi, na sehemu ya fedha za kahawa hutafuta pa kuzalia kila msimu unapokwisha. Wengi huzipeleka ziwani kwa kununua chombo na injini. Wapo wanaofaidika, na wapo wanaorudi mikono mitupu baada ya miaka miwili mtumbwi unapooza.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili mara nyingi haimo katika bahati ya samaki. Imo katika mbao zilizotumika na mkono wa fundi aliyeziunga. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuweka fedha zake katika chombo cha mbao inampasa aelewe kazi hii jinsi ifanyikavyo, na ni nani anayejifunza kuifanya.

Soko lilivyo

Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na asilimia 51 ya eneo hilo iko Tanzania. Hesabu za vyombo vya uvuvi zinazoratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO), lenye makao yake Jinja, Uganda, zimewahi kuonyesha vyombo zaidi ya 60,000 katika nchi tatu zinazolizunguka ziwa. Vingi kati ya hivyo ni vya mbao. Chombo cha mbao huchakaa, kwa hiyo hata pale idadi ya wavuvi isipoongezeka, kazi ya kuunda vipya na kukarabati vya zamani haikomi.

Wilaya ya Muleba ina visiwa vingi vinavyokaliwa na wavuvi, vikiwamo Bumbire, Goziba, Ikuza na Mazinga. Huko watu, sangara, dagaa, unga na sabuni husafiri kwa maji, na mahitaji ya vyombo yako mlangoni kwa mtu wa Kamachumu.

Ufundi uliochanganyika tangu zamani

Mtumbwi unaoonekana leo mwaloni si kazi ya kabila moja. Asili yake kubwa ni mtumbwi wa Sese, uliopewa jina la visiwa vya Sese nchini Uganda. Mkuku wake ulichongwa kutokana na gogo moja, kisha mbao za ubavuni zikashonwa kwa nyuzi za mimea bila msumari. Vyombo vya aina hiyo ndivyo vilivyobeba majeshi na biashara ya Buganda katika karne ya 19.

Ufundi wa pwani nao ulifika mapema. Katika miaka ya 1870, Songoro, mfanyabiashara aliyetoka pwani, aliunda jahazi kisiwani Ukerewe. Chombo hicho kilikuja kuwa chanzo cha ugomvi uliosababisha kifo chake na vya wamisionari wawili wa Kiingereza mwezi Desemba 1877. Baadaye misumari ya chuma ilichukua nafasi ya nyuzi. Injini za kufunga nyuma zilipoenea, tezi ya mitumbwi mingi iliyokuwa imechongoka ilikatwa ikawa bapa ili injini ipate pa kushika.

Hata leo wanaojifunza kazi hii hutoka sehemu mbalimbali. Yupo seremala wa milango na vitanda anayetafuta kazi isiyo na msimu mfupi. Yupo mvuvi aliyechoka kumlipa fundi kila mtumbwi unapovuja. Yupo mpasua mbao anayeona kuwa faida kubwa humalizikia mikononi mwa anayezigeuza chombo. Yupo pia kijana aliyemaliza shule asiye na shamba la kutosha. Mnyauko wa migomba uliothibitishwa wilayani Muleba mwaka 2006 uliwakumbusha wengi kuwa kutegemea kihamba peke yake ni hatari.

Kazi yenyewe

Seremala hodari wa nyumba akifika mwaloni huanza karibu upya. Mlango una pembe za mraba, mtumbwi hauna. Fundi wa jadi hatumii mchoro wa karatasi. Hupima kwa futi, kwa kamba na kwa jicho.

Kwanza hulazwa mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo. Kisha mbao za chini na za ubavuni huungwa moja baada ya nyingine, zikikunjwa kidogo kidogo kwa moto, kamba na vibano. Kwa mafundi wengi wa jadi, mataruma, yaani mbavu za ndani, hutiwa baada ya mbao kupata umbo. Taruma zuri hutoka katika tawi lililopinda lenyewe, kwa kuwa nyuzi za mti hufuata mpindo huo. Taruma lililokatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka hukatika wimbi linapopiga.

Mwisho ni kalafati: pamba husindiliwa katika kila mwanya kwa patasi butu na nyundo, kisha huzibwa kwa lami au rangi nzito. Kazi hii humpima mwanafunzi kuliko zote. Pamba ikiwa chache, maji huingia. Ikizidi, mbao zinapovimba majini husukumana na kung'oa misumari.

Mwanafunzi huanza kwa kushika ubao, kunoa tezo na kusindilia pamba. Huja kuaminiwa randa na msumeno, na hatimaye kuchonga mkuku. Hulipwa kidogo au hulishwa tu hadi mkono wake ukomae. Mwenye familia inayomtegemea inafaa aweke akiba kabla ya kuanza, la sivyo ataacha njiani na kubaki fundi nusu. Mafundi nusu ndio hatari kubwa ya soko hili, kwa sababu chombo chao huonekana kizuri siku ya kushuliwa, kasoro zikajitokeza mbali na nchi kavu, na watu wakiwa ndani.

Hesabu ya mwenye mtaji

Takwimu zifuatazo ni za mfano wa hesabu tu, si bei za soko. Tuseme mtumbwi wa mbao laini za msindano unagharimu shilingi 3,000,000 na unadumu miaka 3, ukihitaji ukarabati wa shilingi 400,000 kwa mwaka. Gharama yake ni shilingi 1,400,000 kwa mwaka. Mtumbwi wa mbao ngumu, kama mvule, unagharimu shilingi 4,800,000, unadumu miaka 8 na unahitaji ukarabati wa shilingi 200,000. Gharama yake ni shilingi 800,000 kwa mwaka. Chombo cha bei ya juu ndicho rahisi.

Hesabu hiyo haijaingiza siku ambazo mtumbwi umelazwa ufukweni ukikarabatiwa huku wenzake wakivua. Mapato ya uvuvi mara nyingi hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi baada ya kutoa mafuta na gharama nyingine. Chombo kisipoingia majini, pande zote mbili hazina cha kugawana.

Ugumu uko katika kuipata mbao yenyewe. Mvule umepungua, na uvunaji wake unahitaji kibali. Mbao zinazosafirishwa bila hati ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) zinaweza kukamatwa, na hasara huwa ya mwenye mzigo. Kwa anayepanda miti Kamachumu, hapa pana somo la biashara: wengi wamepanda misindano kwa kuwa hukua haraka, lakini mkuku na mataruma huhitaji mti mgumu. Anayeacha miti michache ya mbao ngumu mpakani mwa kihamba anamwekea mwanawe bidhaa adimu.

Ushindani

Chombo cha mbao sasa kina mpinzani. Januari 2024, mjini Mwanza, Serikali ilizindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa njia ya mkopo. Boti za faiba hazili pamba wala hazishambuliwi na wadudu wa mbao, ila bei yake ni kubwa kwa mwekezaji mdogo, na zikipasuka huhitaji vifaa visivyopatikana kila mwalo.

Fundi wa jadi naye hajafungiwa katika mbao. Huko Lamu, Kenya, mafundi wa majahazi walitumia mbinu za kale kuunda chombo cha plastiki iliyorejelezwa, Flipflopi, kilichoshuliwa mwaka 2018 na kusafiri katika Ziwa Victoria mwaka 2021. Malighafi ilibadilika, ujuzi ukabaki ule ule.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi anashauriwa kufika mwaloni wakati chombo kikiundwa, si siku ya kukabidhiwa, kwa maana rangi huficha mengi. Atazame kama mbao zimekauka, kama mkuku ni gogo moja au umeungwa, na kama misumari ni ya kuzuia kutu. Aulize mitumbwi ya fundi huyo iliyotimiza miaka 5 iko wapi, akaione. Malipo yagawanywe kwa hatua: mkuku, ubavu, kalafati, na sehemu ya mwisho baada ya chombo kukaa majini siku kadhaa bila kuvuja. Usajili na leseni ya uvuvi vifuatwe kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na makoti ya kuokolea maisha yanunuliwe pamoja na injini, si baadaye.

Kwa mwenye mtaji mdogo usiotosha kununua mtumbwi, iko njia nyingine: kumnunulia kijana mwaminifu tezo, randa, msumeno na keekee, na kumtunza anapojifunza kwa fundi anayejulikana, kwa mapatano ya maandishi. Mtumbwi mmoja ukizama, mtaji umekwenda. Fundi aliyekwisha kukomaa ataunda mwingine.