Kimondo cha Mbozi kisitoke doa jeusi pichani

Picha nyingi za Kimondo cha Mbozi tunazotumiwa na wasikilizaji wetu, kuanzia Tunduma hadi Vwawa, zina kasoro moja: kimondo ni doa jeusi na anga ni nyeupe kama karatasi. Kimondo ni chuma chenye nikeli (si jiwe, kama wengi tunavyokiita) na rangi yake imekolea. Jua la saa sita mchana likiwaka, kamera hushindwa kubeba mwanga na kivuli kwa pamoja.

Fungua picha kwenye GIMP, programu ya bure, utazame chati ya mwanga. Kushoto kabisa ni 0, weusi mtupu. Kulia ni 255, weupe mtupu. Sogeza alama ya katikati kushoto, taratibu. Vivuli hufunguka na vishimo vya kimondo huanza kuonekana. Ukizidisha, chuma kitafanana na saruji kilichokalia. Anga iliyokwisha kufika 255 hairudi. Dawa yake ni kupiga picha nyingine asubuhi.

Kuongeza ukali ni kazi ya mwisho. Programu haileti kitu ambacho kamera haikukiona. Hukoleza tu tofauti ya mwanga kwenye kingo. Hapa tunaomba uangalifu. Ncha moja ya kimondo ina alama za msumeno za watu waliokata vipande. Ukali ukizidi, kila kishimo hupata ukingo mweupe kana kwamba kimekatwa jana, na asiyewahi kufika Ndolezi hatajua alama za kweli ni zipi. Kuza picha hadi asilimia 100, kagua kingo, kisha punguza.