Ulinzi wa Kuku wa Nyumbani Wakati wa Usiku

Giza likishaingia, uwezo wa kuku wa kuona hupungua mno. Hutulia juu ya ufito alipopanda kulala, na hatari ikimfikia hana namna ya kuikimbia. Kwa hiyo, usiku kuku hajilindi mwenyewe. Hulindwa na banda alilojengewa. Banda likiwa dhaifu, familia huweza kulala ikiwa na kuku ishirini na kuamka bila hata mmoja, na pamoja nao yakawa yamepotea mayai, kitoweo na fedha iliyotegemewa kwa daftari za watoto. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujenga au kurekebisha banda, na mambo ya kuangalia kabla ya kulipia vifaa dukani.

Wanyama wanaovamia mabanda

Katika sehemu nyingi za Tanzania, wavamizi wa usiku ni kanu, fungo, kicheche, nyegere, paka-pori na chatu. Nguchiro wengi hutembea mchana, lakini nguchiro mwenye mkia mweupe huwinda usiku. Kila mmoja ana njia yake. Kanu ni hodari wa kupanda, naye hupenya katika uwazi mdogo kati ya ukuta na paa. Nyegere huchimba chini ya ukuta na kung'oa mbao zilizolegea. Chatu huingia kwa kujipenyeza kimya palipo na mwanya. Siafu nao, ingawa ni wadudu, huweza kuua vifaranga na kuku anayeatamia.

Baadhi ya wanyama hawa, wakishaingia mahali ambapo kuku hawawezi kutoroka, huua wengi kuliko wanavyoweza kula. Ndiyo sababu tundu moja lililopuuzwa huweza kumaliza banda zima kwa usiku mmoja.

Kuchagua wavu

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kuamini jina la bidhaa. Wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita, ambao wengi huuita wavu wa kuku, humzuia kuku asitoke. Haukukusudiwa kumzuia mnyama mwenye meno na makucha asiingie. Waya wake huweza kuraruliwa, na matundu yake huruhusu mkono wa mnyama kupita na kumvuta kuku aliyelala karibu. Kabla ya kununua, angalia mambo manne:

1. Ukubwa wa tundu. Kwa chumba cha kulala kuku, chagua wavu ulioungwa kwa kuchomelewa, wenye matundu ya takriban milimita 12, yaani nusu inchi. Pima kwa rula palepale dukani.

2. Unene wa waya. Unene hutajwa kwa geji, na hapa wengi hukosea: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba zaidi. Waya wa geji 22 ni mwembamba kuliko wa geji 18. Muuzaji akikusifia namba kubwa, usidhani anakuuzia kilicho imara zaidi.

3. Kinga dhidi ya kutu. Chagua waya uliopakwa zinki. Chunguza maungio, yakiwa na kutu wavu ukiwa bado dukani, hautadumu kwenye unyevu wa bandani.

4. Urefu wa bunda. Omba upimiwe mbele yako, kisha udai risiti inayoonyesha aina ya wavu, ukubwa wa tundu na idadi ya mita. Ukigundua umepunjwa kipimo, risiti hiyo ndiyo ushahidi wako unapopeleka malalamiko Wakala wa Vipimo.

Wavu imara una bei kubwa kuliko ule wa kawaida. Mwenye uwezo mdogo si lazima auzungushie uwanja wote. Autumie kwenye chumba cha kulala tu, ambacho huwa kidogo, na uwanja wa mchana auzungushie wavu wa bei nafuu.

Kujenga na kurekebisha

Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye sakafu ya mbao zilizobanana, huwapunguzia nafasi wanyama wanaochimba. Banda likiwa chini, fukia wavu kina cha sentimita 30 kuzunguka kuta, au ulaze juu ya ardhi kuelekea nje kwa upana wa sentimita 50 na kuukandamiza kwa mawe. Mnyama huanza kuchimba karibu na ukuta. Akikuta wavu, hushindwa kuendelea.

Ziba nafasi kati ya kuta na paa, lakini usizibe hewa. Kufunika banda lote kwa magunia au mabati huleta joto na harufu kali inayodhuru mapafu ya kuku. Acha madirisha ya juu na uyafunike kwa wavu uleule imara. Weka fito za kulalia mbali na kuta. Mlango uwe na komeo la chuma, kwa kuwa kamba na kigingi hulegea. Fyeka vichaka vilivyo karibu, ukate matawi yanayogusa paa, na usiache mabaki ya chakula au mayai yaliyovunjika usiku.

Kazi ya kila jioni

Kuku hurudi bandani wenyewe jua linapokuchwa. Wahesabu, ufunge mlango kabla giza halijakolea, kisha uzunguke banda ukitazama kama pana udongo uliochimbwa au waya uliolegea. Taa zinazomulika huweza kumtisha mnyama kwa siku chache, lakini akizizoea hurudi. Zisichukue nafasi ya mlango uliofungwa.

Usitumie sumu

Baada ya hasara, wapo wanaonunua sumu isiyo na lebo na kuitega kwenye nyama. Sumu haichagui. Huweza kumuua mbwa wa jirani, tai aliyekula mzoga, au mtoto aliyeokota asichokijua. Aidha, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuua wanyamapori kiholela. Mnyama akirudi mara kwa mara, toa taarifa kwa serikali ya kijiji au mtaa, au kwa afisa wanyamapori wa wilaya.

Usijaribu pia kumkamata mnyama kwa mikono. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda ana kichaa cha mbwa. Mnyama wa porini asiyewaogopa watu ashukiwe zaidi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo, kabla ya kufunga mlango, chukua rula upime tundu kubwa kuliko yote katika banda lako. Hapo ndipo pa kuanzia.