Unakatwa ada ya nyumba, keja bado ya landilodi

Umetoka Kianjai, ukapata kazi Nairobi ya Sh30,000. Kwa wazazi hukulipa kodi, lakini kazi haikuwepo. Sasa mshahara ukiingia, kabla landilodi hajapiga simu, Sh450 zimeshaenda. Hiyo ndiyo ada ya nyumba, asilimia 1.5. Mwajiri wako huongeza kiasi kicho hicho. Kwa mwaka ni Sh10,800, na keja bado si yako.

Ada ilianza 2023. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba, sababu moja ikiwa kwamba ililenga walioajiriwa pekee. Rais William Ruto akatia saini sheria mpya Machi 19, 2024. Sasa hata mapato ya mwenye kibanda pale sokoni Kianjai yanahesabiwa.

Nyumba na kura ni chanda na pete, na si kwetu tu. Uingereza, sheria ya 1980 ya serikali ya Margaret Thatcher iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa bei nafuu. Mwaka 2024 Labour nao waliomba kura kwa ahadi ya nyumba milioni 1.5.

Kabla ya Agosti 10, 2027, wagombea watafika Kianjai na fulana zao. Usiulize tu nyumba ngapi zimejengwa. Uliza: mtu wa Sh30,000 atalipa ngapi kwa mwezi, na atapewa funguo lini?

Akikwepa swali, jibu lako liko debeni. Ila kwanza, umejisajili?