Bwawa la Mjini na Mtoto wa Mto Sio

Shule zinapofungwa Agosti na Desemba, wazazi wa Busibwabo, Mundika, Malaba na Busia mjini walio na akiba kidogo huwaahidi watoto safari ya kuogelea. Wengine huishia kwenye mabwawa ya hoteli za Kisumu. Wengine huvuka mpaka na kushika barabara ya Kampala, ambayo kwa mtu wa Busia ni chini ya nusu ya mwendo wa Nairobi. Wachache hufika hadi Lang'ata, Nairobi. Majina ya mabwawa ya michezo kama Splash ya Lang'ata, Wild Waters ya Nyali na Wet 'n' Wild ya Kunduchi, Dar es Salaam, ndiyo yaliyowazoesha watu wa Afrika Mashariki kuona mtoto akiteleza kwenye bomba la rangi huku akipiga mayowe ya furaha. Ni matumizi mazuri ya pesa, wala simkatazi mzazi yeyote. Hoja yangu ni nyingine. Kwa mtoto anayekulia kati ya Mto Sio, Mto Malaba na Ziwa Viktoria, hatari kubwa ya safari hiyo haiko bwawani. Inamngoja nyumbani, wiki mbili baadaye, atakapoingia mtoni na ujasiri alioupata katika maji yasiyofanana na ya kwao kwa lolote.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na bwawa la michezo ni mfano halisi wa kitu kilichoundwa. Kina chake kimepimwa na kuandikwa ukingoni. Sakafu ni sawa, ngazi ipo, na maji huchujwa mchana kutwa yakipitishwa kwenye tabaka la mchanga, kwa sababu mwokoaji asiyeona sakafu ya bwawa hawezi kuokoa mtu. Mtelezo nao si mteremko mtupu. Pampu huinua maji hadi juu ili yatengeneze utando mwembamba kati ya ngozi ya mtoto na plastiki. Kona zimepindwa kwa hesabu ili mwili ukumbatie ukuta badala ya kuruka nje. Na mwishoni pana mfereji mrefu wa maji mafupi unaoua kasi yote kabla mtoto hajafika penye kina. Ndiyo maana huagizwa kulala chali, miguu mbele, mikono ikiwa imekunjwa kifuani: hesabu zile zilifanywa kwa mwili uliokaa hivyo, si kwa mtoto aliyetanguliza kichwa. Mtoto akifika chini husimama, hupangusa macho, kisha hukimbilia foleni tena. Akifanya hivyo mara nyingi kwa siku moja, anaondoka akiamini kwamba anajua kuogelea. Ukweli ni kwamba hajaogelea hata mita moja. Amebebwa na pampu.

Hata usafi wa maji yale umetengenezwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu mabwawa, uliotoka mwaka 2006, unataka klorini idumu majini kwa kiwango kinachopimwa kila siku, na desturi ya wataalamu ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, huku asidi ya maji ikishikiliwa kati ya pH 7.2 na 7.8. Watu wa Busia hawahitaji kufundishwa klorini ni nini. Ni katika chemchemi za kaunti hii ambako Michael Kremer na wenzake walijaribu kuweka vifaa vya kutolea klorini palepale watu wanapoteka maji, kazi iliyoenea baadaye hadi nchi nyingine, na Kremer huyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Klorini ya kutosha huua vijidudu vingi vya kuhara kwa dakika chache. Kimelea cha kriptosporidiamu, ambacho utafiti mkubwa wa mwaka 2013 uliohusisha magharibi mwa Kenya ulikihesabu miongoni mwa visababishi vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wadogo, huweza kuhimili klorini hiyo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mtoto anayehara abaki nyumbani hata kama tiketi imeshalipwa. Na ile harufu kali inayowasha macho, ambayo wengi huichukulia kuwa alama ya usafi, hutokana na klorini iliyokutana na jasho na mkojo. Bwawa safi karibu halinuki.

Sasa mrudishe mtoto huyu kwao. Mto Sio hauna maandishi ukingoni. Maji yake ni ya rangi ya udongo, kwa hiyo mguu hautambui ulipo ukingo wa shimo mpaka umeshaingia. Mchanga huhama, na palipokuwa na maji ya magoti Januari huenda pakawa na maji ya shingo Mei. Mvua ikinyesha upande wa Bungoma, mto hupanda huku Busia pasipo wingu hata moja juu ya Busibwabo, na mtoto aliyevuka asubuhi akienda kuchunga hukuta mto mwingine jioni. Mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga na wafyatua matofali hujaa maji ya mvua, yakatulia kimya, kuta zake zikawa wima na za utelezi. Mtu mzima akitumbukia hutoka kwa shida. Mtoto hana pa kushika. Kule Sio Port na Port Victoria, ziwa lina upepo wa alasiri na mawimbi yanayomsogeza mtoto bila yeye kutambua. Juu ya hayo yote kuna kichocho, ambacho hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama tu majini. Bwawani mtoto huyu alisimama popote, akaona sakafu popote, na alipomeza maji mtu mwenye filimbi alikuwa akimtazama. Mtoni hakuna hata kimoja kati ya hivyo, lakini mwili wake unakumbuka furaha tu.

Kuna methali inayotupotosha hapa: mfa maji haachi kutapatapa. Wazazi wengi hutarajia kwamba mtoto anayezama atapiga kelele na kupunga mikono, wawahi kumtoa. Mwokoaji wa Marekani, Frank Pia, aliyefanya kazi katika ufuo wa Orchard mjini New York, alipiga filamu ya watu waliokuwa wakizama kweli, na alichokiona ni kinyume. Asiyejua kuogelea hawezi kupaza sauti, kwa sababu mdomo wake ukitokeza juu ya maji hupata nafasi ya kuvuta pumzi tu. Mikono haipungi, hukandamiza maji pembeni kama mtu anayejaribu kupanda ngazi. Mwili husimama wima, miguu haipigi, na ndani ya dakika moja hivi kichwa kinazama. Anayepunga na kuita ni yule mwenye ujuzi kiasi ambaye amechoka, na huyo bado ana muda. Kwa hiyo mtoto aliyenyamaza ghafla majini ndiye wa kukimbiliwa kwanza, iwe bwawani Kampala au mtoni nyuma ya boma. Hili linawajibu pia wanaosema kwamba bwawani kuna mwokoaji aliyelipwa kwa kazi hiyo. Yupo, lakini siku ya sikukuu anatazama vichwa vingi, jua linamulika maji usoni pake, naye hajui ni yupi kati ya watoto wale ambaye hajawahi kuingia majini. Mzazi anajua. Wa chini ya miaka mitano awe mahali ambapo mkono wako unamfikia bila wewe kupiga hatua, simu ikiwa mfukoni. Na yale maboya ya plastiki ya kuvaa mikononi yahesabiwe kuwa vitu vya kuchezea, maana huvuja na kuchomoka.

Je, ujuzi wa kweli unapunguza vifo, au huongeza tu ujasiri huo ninaoulalamikia? Ushahidi mzuri zaidi unatoka Bangladeshi, nchi ya mito na madimbwi ambako watoto wa vijijini hufa maji hatua chache kutoka mlangoni. Mradi uitwao SwimSafe uliwafundisha watoto wa kuanzia miaka minne, tena si katika mabwawa ya vigae. Walijenga majukwaa ya mianzi ndani ya madimbwi yaleyale ya kijiji, yakazungushiwa uzio, na mtoto hakuhesabiwa kuwa amehitimu mpaka aogelee mita 25, aelee sekunde 30, na ajue kumwokoa mwenzake kwa kumnyooshea kijiti bila yeye kuingia majini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba vifo vya majini miongoni mwa waliofundishwa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Karibu na kwetu, katika kijiji cha Nungwi, Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea baharini, wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri, jambo lililowaridhisha wazazi ambao hapo awali hawakutaka binti aonekane majini. Tofauti ya miradi hii na siku ya mtelezo ni wazi. Kule mtoto alijifunza katika maji atakayokutana nayo kesho, na alifundishwa lini asiingie.

Najua litakalosemwa na wazee wa Budalangi na Samia: watoto wa ufuoni hujifundisha wenyewe, hakuna aliyetufundisha sisi. Ni kweli kwamba wapo waogeleaji hodari waliofunzwa na mto pekee. Lakini ushahidi huo unatolewa na waliotoka majini. Wale ambao mto uliwashinda hawakualikwa kwenye mjadala. Isitoshe, mtoto wa mjini Busia au wa Malaba, anayekulia kati ya maduka na foleni za malori, hana tena kaka wakubwa wa kumtangulia mtoni kila jioni. Anafika mtoni mara chache, akienda kwa nyanya yake likizoni, na hao wa mara chache ndio wasiojua shimo liko wapi.

Wengine watageuza hoja yangu dhidi yangu: kama bwawa linazaa ujasiri wa uongo, basi afadhali watoto wasipelekwe kabisa. Hapana. Mtoto anayeogopa maji huzama haraka kuliko aliyezoea kulowa uso, na bwawa safi ndilo mahali pa kumzoeza bila kichocho na bila mkondo. Ninachoomba ni nusu saa ya mwanzo, kabla ya mitelezo. Mzazi asimame katika maji ya kiuno, amlaze mtoto chali, mkono chini ya mgongo, masikio ndani ya maji, mpaka ajue kwamba mwili uliotulia huelea na uliokakamaa huzama. Amfundishe kutoa pumzi ndani ya maji. Amzoeze kuomba ruhusa kabla ya kila kuingia, hata kama ni mara ya kumi. Kisha, wakiwa njiani kurudi, amwambie waziwazi kwamba alichofanya leo si kuogelea na kwamba Sio si bwawa. Mzazi asiyejua kuogelea, na tuko wengi, anaweza kuyafanya haya yote akiwa amesimama. Hata kuokoa kunawezekana kutoka nchi kavu. Jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara linatosha kumshikilia mtu mzima juu ya maji, na kila anayeenda kuteka maji analo mkononi. Litupwe, lisipelekwe kwa kuogelea. Ndugu anayejitosa kumfuata nduguye ndiye anayefanya mazishi yawe mawili.

Haya si madogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano, na wengi mno wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watoto hao wadogo kabisa hawaokolewi na mafunzo ya kuogelea. Wanaokolewa na mtu mzima aliye macho wakati mama yuko shambani au sokoni. Huko huko Bangladeshi, vituo vya kulelea watoto asubuhi vilipunguza vifo vya majini vya watoto hao kwa takribani asilimia 80. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Kwa hiyo swali la kituo cha kulelea watoto karibu na mto, na la sehemu iliyozungushiwa uzio ya kuwafundishia wakubwa wao, ni la kumuuliza mwakilishi wadi wa Busibwabo, wa Malaba, wa Bunyala, kila bajeti inaposomwa. Kamba ya mita 20 iliyofungwa kwenye jerikeni tupu na kuning'inizwa penye kila kivuko haihitaji bajeti. Kijiji kinaweza kuiweka wiki hii.