Changizo la Korintho na Furaha ya Mtoaji

Hakuna mahali katika Agano Jipya ambapo utoaji wa furaha umejadiliwa kwa kirefu kuliko katika sura ya 8 na ya 9 za Waraka wa Pili kwa Wakorintho, ambao Mtume Paulo aliuandika akiwa Makedonia yapata mwaka 55 au 56, na msomaji anayezifungua sura hizo akitarajia mahubiri juu ya hisia za moyo hukutana pia na mambo ya uendeshaji: nani atazileta fedha, zikamilishwe lini, na nani atashuhudia zikikabidhiwa. Paulo alikuwa akishughulikia changizo lililokwama, yaani mchango wa hiari ambao Wakorintho walikuwa wameuanza mwaka uliotangulia bila kuumaliza. Mafundisho yake juu ya furaha yalizaliwa ndani ya kazi hiyo, na kwa sababu hiyo yanaichukulia furaha ya mtoaji kuwa kitu kinachoweza kuharibiwa na namna mbaya ya kukusanya, na kinachostahili kulindwa kwa utaratibu mwema.

Changizo hilo lilikusudiwa kwa Wakristo maskini wa Yerusalemu. Uyahudi ulikuwa umepatwa na njaa kali katika miaka ya 40, wakati wa Kaisari Klaudio. Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya kwanza, anasimulia jinsi Malkia Helena wa Adiabene alivyoagiza nafaka kutoka Misri na tini kavu kutoka Kipro ili kuwaokoa wenyeji wa Yerusalemu, nacho kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba kanisa la Antiokia lilipeleka msaada wake kwa mikono ya Barnaba na Sauli, yaani Paulo mwenyewe. Baadaye, katika mapatano yake na Yakobo, Petro na Yohana, viongozi wa kanisa la Yerusalemu, Paulo aliombwa awakumbuke maskini, naye akaendesha changizo katika makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya, jimbo ambalo Korintho ulikuwa mji wake mkuu. Ndani ya kazi hiyo mlikuwa na jambo zito kuliko fedha, kwa kuwa watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, walikuwa wakiwategemeza Wakristo wa Kiyahudi ambao baadhi yao walikuwa bado na mashaka juu ya kuwapokea kama ndugu kamili.

Korintho, mji ulioharibiwa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo na kuanzishwa upya kwa amri ya Julio Kaisari mwaka 44 kabla ya Kristo, uliishi kwa biashara ya bandari zake mbili na kwa desturi ya ufadhili, ambayo kwayo tajiri aligharimia majengo, barabara au karamu za umma, na mji ukamlipa kwa cheo, sifa na jina lililochongwa kwenye jiwe. Mwaka 1929 wachimbuaji wa magofu ya mji huo waliona mawe ya sakafu yenye maandishi ya Kilatini yanayotangaza kwamba mtu aitwaye Erasto aliitandaza sakafu hiyo kwa gharama yake mwenyewe, kwa ajili ya cheo cha usimamizi wa mji alichopewa. Wataalamu wanabishana kama huyo ndiye Erasto, mtunza hazina wa mji, anayetajwa mwishoni mwa Waraka kwa Warumi. Kilicho wazi ni kwamba waliosomewa barua ya Paulo walikuwa wakikanyaga mawe ya aina hiyo kila siku, na kwamba ndani ya sura zake mbili juu ya mchango hakuna mtoaji hata mmoja aliyetajwa kwa jina, wala hakuna kiasi kilichoandikwa. Ukimya huo una uzito mkubwa kwa mji ambamo kutoa bila kutajwa kulikuwa karibu sawa na kutotoa.

Katika Waraka wa Kwanza, Paulo alikuwa ameagiza kwamba kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya mafanikio yake, ili michango isianze kukusanywa yeye atakapofika. Agizo hilo linaonekana dogo, lakini linamwondoa mtoaji mbele ya macho ya watu na kumpa nafasi ya kuamua nyumbani, kidogo kidogo, akiwa anajua mahitaji ya watoto wake. Kwa upande wa wakusanyaji, Tito, mshirika wa Paulo katika kazi, alitumwa pamoja na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, kwa sababu Paulo hakutaka yeyote apate la kumlaumu juu ya fedha nyingi kiasi hicho. Mtu anayeshuku kwamba sadaka yake itapotea njiani hawezi kuitoa kwa moyo mweupe, hata akihubiriwa mwaka mzima.

Ni kweli kwamba Paulo hakukaa mbali na shinikizo kabisa. Aliwasimulia Wakorintho habari za Wamakedonia, waliotoa kupita uwezo wao wakiwa katika ufukara na dhiki, na akawadokezea aibu itakayowapata wote endapo watu wa Makedonia watafika na kukuta ahadi haijatimizwa. Maneno hayo yanakaribia ulazimishaji alioukataza mwenyewe, lakini aliyatanguliza kwa barua, ili zawadi iwe tayari mapema na isionekane kuwa kitu kilichonyang'anywa, na alisema waziwazi kwamba hatoi amri. Kipimo chake kilikuwa kile mtu alicho nacho, si kile asicho nacho. Inafaa kuzingatiwa kwamba katika sura hizo hakuitaja zaka, yaani fungu la kumi la mapato, ingawa kama Farisayo wa zamani aliifahamu vizuri; alirejea habari ya mana jangwani, ambapo aliyeokota nyingi hakubaki na ziada na aliyeokota chache hakupungukiwa, na zaidi ya hapo alimrejea Kristo, aliyeuacha utajiri wake akawa maskini kwa ajili ya wengine. Kwa hoja hiyo, Mkristo hatoi ili apate neema, bali kwa sababu neema imekwisha kumfikia.

Makanisa yaliyofuata yaliudumisha uhuru huo wa kutoa bila amri. Yustino Mfiadini, akiandika Roma katikati ya karne ya pili, anaeleza kwamba wenye nacho na wanaopenda hutoa kila mmoja kwa kadiri aonavyo, na kiongozi wa ibada huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertuliano wa Karthago, Afrika Kaskazini, mwishoni mwa karne hiyo, anazungumzia mchango mdogo wa kila mwezi usiolazimishwa, uliotumika kuwazika maskini na kuwatunza wazee na waliovunjikiwa na merikebu.

Leo, katika makanisa ya Afrika Mashariki, desturi ya ufadhili wa Korintho haijatoweka, kwa maana majina na viwango vya ahadi husomwa hadharani katika ibada nyingi, na mgeni mwenye cheo hukabidhiwa kipaza sauti. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika ibada ya Jumapili, likipinga siasa kujipenyeza kanisani kwa njia ya michango. Uamuzi huo ulikuwa mgumu na unastahili heshima. Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania, kwa upande mwingine, waumini huleta madhabahuni mayai, ndizi, kuku au mahindi, vinavyonadiwa nje baada ya ibada, na mama asiye na fedha hutoa alicho nacho kwa heshima ileile. Mnada huo pia una jaribu lake, kwa sababu yai lililotolewa bila mwenyewe kutajwa hupandishwa bei na wanunuzi wanaoshindana mbele ya watu, na ni juu ya mnadishaji na wazee wa kanisa kuamua kama mnunuzi wa mwisho atatangazwa au ataondoka na yai lake tu.